Bolti Nane na Kitunga cha Sambaza

Kwenye kabati la sebule yangu, kando ya redio, kuna bakuli la bati lenye maua mekundu, na ndani ya bakuli hilo kuna bolti. Wageni hudhani ni peremende. Mmoja wao, mtu wa heshima aliyekuja kuzungumzia harusi, alitia moja mdomoni kabla sijamuwahi, na kwa adabu yake akainyonya kwa muda huku akinitazama, akisubiri itoe utamu. Sikumcheka. Nilimletea chai, akaitema kwenye kitambaa, tukaendelea na mambo ya harusi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaovaa overoli kwa mara ya kwanza, nyinyi mnaopita mlangoni kwangu asubuhi mkinyosha shingo na kuuliza, "Papa Mushaga, ile bakuli iko ya nini?" Nikiwajibu kwa mdomo mnaanza kucheka kabla sijafika katikati. Basi someni. Mkicheka, mtacheka na karatasi.

Katika bakuli hilo hakuna bolti hata moja iliyowahi kufungwa kwenye gari. Moja ni ya cherehani. Moja ni ya kigari cha kumsukumia mtoto. Ile ndefu, yenye kutu shingoni, ni ya kitanda. Zilinifikia ng'ambo ya mpaka, siku ya Ijumaa, katikati ya aibu kubwa kuliko zote za maisha yangu ya kazi.

Lakini lazima nianze na Papa Alphonse, maana bila yeye hamtaelewa kosa langu.

Papa Alphonse alikuwa fundi wa malori kule Katana, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene kama ndizi, na masikio yaliyosikia injini inayougua tangu iko kona ya tatu. Vitu vingi alivyonifundisha nimevisahau, viwili bado ninavyo. Cha kwanza: bolti haianzwi kwa spana. Unaianza kwa vidole. Unaizungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka uhisi imeanguka mahali pake, *tik*, kama mtu aliyepata kiti kanisani. Ndipo unaigeuza mbele. Ukianza na spana utakata meno yake, na utalia.

Cha pili alikuwa akikisema kila siku, hata siku za sikukuu: "Ukitoa kitu, boulon inarudia mu tundu yake. Saa ile ile. Usiniambie kesho."

Sisi wa gereji bolti tunaiita boulon, mnajua. Niliwahi kumwona akirudisha boulon nne, moja moja, kwenye kipande cha chuma kilichokuwa kinakwenda kutupwa.

"Papa Alphonse, hii si ni takataka?"

"Mimi najua iko takataka. Mukono haijue. Unataka nianze kuielezea mukono?"

Alipofariki nililia kwa haki. Halafu, kama wanafunzi wengi, nikangoja muda wa heshima upite, nikaanza kujiona nina akili kumpita.

Akili yangu ilikuwa hii: sashe. Nyinyi mnajua Bukavu yetu. Chumvi inauzwa kwenye sashe, karanga kwenye sashe, mafuta kwenye sashe, maji ya kunywa kwenye sashe. Nikasema, kwa nini bolti peke yake iteseke? Nikaanza kuziweka bolti za kila kona ya gari kwenye kifuko chake cha plastiki: buluu kwa mbele kushoto, nyeusi kwa mbele kulia, nyeupe kwa nyuma kushoto, na ile ya mistari kwa nyuma kulia. Nilizifunga mafundo mazuri na kuzitundika kwenye misumari ukutani. Gereji ikapendeza kama duka la Krismasi. Mafundi wengine walikuja kutazama. Nilijiona mvumbuzi.

Sasa Furaha. Furaha alikuwa na duka la dawa pale Nyawera, na kwa miaka alikuwa akipeleka dawa mwenyewe kwenye vituo vya afya vya njia ya Katana na Lwiro, kwa gari dogo jekundu la Kijapani tulilolipa jina Kiberiti. Barabara ile mvua ikinyesha si barabara, ni uji. Furaha alijifunza kuendesha gari juu ya uji. Nilikaa kando yake mara moja tu, tukashuka mteremko mmoja kwa ubavu, yeye akiwa anatafuna karanga na kunisimulia habari za shangazi yake. Tulipofika chini nilishuka nikabusu ardhi. Nilitambua pia kwamba sijawahi kuona mikono kama ile kwenye usukani.

Siku moja akaja gerejini na karatasi. Watu wa mbio za magari kule Rwanda, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, walikuwa wamemkubali kwa wikendi moja. Mbio za barabara za udongo.

"Papa Mushaga, banasema gari itakaguliwa vendredi, ile Ijumaa, saa kumi ya mangaribi. Ikikataliwa, sitaanza. Na banasema dereva mwenye hajaanza, habatamuita tena."

"Itakubaliwa."

"Bajomba bangu banasema nitarudia kwa mupaka."

"Bajomba bako bako bafundi?"

"Hapana."

"Basi bakule na banyamaze."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, mbele ya gereji nzima. Kumbukeni hilo. Neno lilikuwa langu, ila siku ya kuanza au kutoanza ilikuwa ya Furaha.

Tulihitaji mtu wa pili ndani ya gari, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona. Furaha alimchagua binamu yake Dido, mwalimu wa jiografia, kwa sababu anasoma vizuri na hakuna mtu mwingine aliyekubali. Dido alikuwa anaogopa mwendo. Alisoma kona kwa sauti ya imla, akirudia kila sentensi mara mbili, na mwishoni akisema "nukta".

Mniruhusu sasa niwafundishe jambo la safari. Mmeona watu wa Nyantende na wa vilima vyetu wanavyokwenda misa ya Jumapili mvua ikiwa imenyesha. Hakuna anayevaa viatu vizuri tangu nyumbani. Unatembea na kandambili zako za zamani, unazama, unachomoka, viatu vizuri viko mkononi ndani ya sashe. Ukifika karibu na kanisa unanawa miguu, unabadilisha, unaingia unang'aa kama hujawahi kuona tope. Gari la mbio nalo hivyohivyo. Usilisafirishe likiwa na viatu vyake vya misa. Nilimvalisha Kiberiti amortisseur zake za zamani, vile vyuma vya kumeza mitikiso, zilizokuwa zinavuja mafuta kama pua ya mtoto, na zile nne nzuri nikazibeba kando, kila moja imeviringishwa kwenye kitenge ili isigongwe.

Zile nzuri nilikuwa nimezipata kutoka kwenye gari kubwa zaidi. Matundu yake yalikuwa mapana, bolti ya dukani ilicheza humo kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba. Kwa hiyo fundi mmoja wa kukereza vyuma pale Kadutu alinitengenezea bolti nane, mbili kwa kila amortisseur. Nane tu duniani. Nilizijaribu gerejini, zikaingia *tik, tik*, nikazitoa na kuziweka kwenye sashe zangu za rangi. Sikuzihesabu. Kwa nini nihesabu? Nilikuwa na rangi.

Mke wangu, Maman Noëlla, alinipa vitenge hivyo akinung'unika, kisha akanipa kitunga cha sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kimejaa mpaka shingoni. Dada yake, Maman Georgette, aliolewa kwenye mji uleule wa mbio.

"Utaenda kwa dada yangu mikono mitupu?"

"Maman Noëlla, tunaenda kukimbiza gari."

"Kimbiza. Lakini sambaza zifike."

Kiberiti akaondoka Alhamisi asubuhi na Furaha kwenye usukani, Dido na ramani, mimi nyuma nikikumbatia kitunga. Anayeijua sambaza anajua harufu yake haikai nyuma, inakuja mbele kuongoza safari.

Mpakani, pale Ruzizi, upande wa pili, mama mmoja wa ukaguzi, mpole, sare yake imenyooshwa vizuri, alitusalimia na kufungua sanduku la nyuma.

"Muzee, unajua hapa plastiki haiingii?"

"Najua sana, maman. Sina plastiki."

Na nawaapia sikudanganya. Kwa miaka niliyokaa na zile sashe, kichwani mwangu zilikuwa zimeacha kuwa plastiki. Zilikuwa chombo cha kazi, kama nyundo.

"Na hivi ni nini?"

"Boulons."

"Boulons ziko ndani ya nini?"

Nikazitazama. Buluu, nyeusi, nyeupe, za mistari. Zilining'inia mkononi mwake kama samaki wa mapambo.

"Ziko ndani ya… classement," nikasema, yaani mpangilio wangu.

Yule mama hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Sheria ni sheria, tena ilikuwa imeandikwa kwenye ubao mkubwa nyuma ya kichwa chake. Akanionyesha pipa la plastiki na kuniambia nizimimine bolti kwenye kitu kingine, taratibu, hana haraka.

"Weka mu casque yangu," Furaha akasema, akininyoshea kofia yake ya mbio.

"Kofia ya dereva haiwekwe chuma. Ni mukosi."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Dido akavua soksi moja, akaninyoshea. Tukaitazama wote watatu. Yule mama wa ukaguzi akageuza uso. Basi nikafungua kitunga cha sambaza, nikachimba shimo katikati ya samaki, na nikamimina humo uvumbuzi wangu wote. Nikafunika kwa samaki. Rangi zangu nne zikaingia pipani.

Msituni hatukuwa na shida, isipokuwa nyani mmoja mkubwa aliyekaa kando ya lami akalitazama gari letu likipita, akanusa, akatuonyesha kwa wenzake.

Tulifika jioni, tukalala kwa masista, na Ijumaa asubuhi tukaingia kambini. Kambi ilikuwa uwanja wa mpira. Vijana wangu, ninyi hamjawahi kuona usafi wa namna ile! Timu nyingine walikuwa na mahema yenye jina la dereva, overoli za rangi moja, na masanduku ya spana ambamo kila spana ililala kwenye kitanda chake. Sisi tulikuwa na vigogo vinne vya mkaratusi vya kumwinulia Kiberiti, turubai moja, na kitunga.

Fundi mmoja wa timu ya jirani, kijana mrefu kutoka Uganda, alinusa.

"Mzee, mnapika?"

"Tunatengeneza."

"Mnatengeneza nini?"

Nilikuwa nimeanza kuchota kitungani na kumwaga juu ya turubai. Samaki, samaki, bolti, samaki. Alitazama kwa muda, akaenda kuwaita wenzake.

Dido aliinama na kupanga kwa makini ya mtu anayesahihisha mitihani, samaki huku, bolti huku. Nami nikaingia chini ya gari kutoa viatu vya zamani. Furaha alikuwa ameitwa kwenye kikao cha madereva. Kila mtu alikuwa kwenye kazi yake, na ndiyo saa ambayo Maman Georgette alitokea, na mwavuli, na furaha ya kuwaona watu wa nyumbani.

Mimi niliona miguu yake tu. Nilisikia maneno.

"Shemeki yangu iko wapi? Hii miguu ndiyo yake? Eh, imezeeka! Na hizi ndizo sambaza za Noëlla? Yesu, za nyumbani kabisa!"

"Karibu maman," alisema Dido, ambaye amelelewa vizuri. "Ngoja nikusaidie kubeba."

Akamrudishia samaki wote kitungani, akambebea mpaka kwenye pikipiki, akampungia mkono. Nilipotoka chini ya gari na kunyosha mkono kwa bolti, zilikuwa tano.

"Dido. Zingine?"

"Zingine gani?"

"Kitunga ulikimaliza mpaka chini?"

Uso wake ukaanza kubadilika, polepole, kama mwanafunzi anayegundua karatasi ya mtihani ilikuwa na upande wa pili.

Bolti tano zinatosha amortisseur mbili na inabaki moja ya kuchezea. Nikafunga zile mbili. Nyingine mbili nikaziacha zimeviringishwa kwenye vitenge vyake, kwa kuwa unafungua nguo za mtu kama una pa kumweka. Zilipungua bolti tatu. Ya dukani ingecheza tu tunduni. Kuzirudisha zile zinazovuja ni kumwambia mkaguzi atutume nyumbani. Ilikuwa saa sita mchana, na ukaguzi ni saa kumi.

Tukakimbia kwa pikipiki, mimi na Dido, kwa Maman Georgette. Tulimkuta jikoni, kikaango kinalia mafuta.

"Shemeki! Sambaza ziko wapi?"

"Hizi ninakaanga. Zingine nimegawa."

"Umegawa? Saa moja haijapita!"

"Sasa ulitaka nikule peke yangu, kama muchawi? Kitu ya nyumbani ikifika, bajirani banaonja. Bakuli moja kwa katekista, bakuli moja kwa mushonaji."

Hapo hapo kikaango kikasema *kling*. Maman Georgette akatia kijiko, akainua bolti yangu, ya rangi ya dhahabu, imekaangika pande zote.

"Noëlla ananitumia vyuma?"

Nikaieleza kwa ufupi. Akafunga khanga ya pili kiunoni, akazima moto, akatoka mbele yetu kama jemadari.

Katekista, Papa Vianney, alikuwa mezani na mkewe, na mkono umeshika shavu. Bolti ya pili ilikuwa kando ya sahani yake, juu ya kipande cha karatasi, safi.

"Niliposali kabla ya kula," alisema taratibu, "niliomba chakula cha kutia nguvu."

Jino lake halikuvunjika, Mungu mkubwa. Nilimuomba msamaha, akanisamehe kwa ulimi uliokuwa bado unakagua meno.

Kwa mshonaji, bakuli lilikuwa tupu. Hakukuwa na bolti sakafuni, wala chini ya cherehani, wala ndani ya viatu. Kulikuwa na paka, kijivu, mnene, amelala juani na amani ya aliyeshiba.

"Alikula nusu," mshonaji akakiri.

Tulimtazama paka, naye akatutazama. Dido akapiga magoti, akamwinua, akamtikisa kidogo kando ya sikio, kama mtu anayesikiliza kama kiberiti bado kina njiti.

"Iko na sauti?" nikauliza.

"Iko na sauti. Lakini ni ya paka."

Akaweka sikio tumboni. Nikaweka sikio langu upande mwingine. Hivi ndivyo watoto wa mtaa walivyotukuta: wanaume wawili wazima kutoka Bukavu, wamepiga magoti, na paka katikati kama simu. Yule paka alivumilia mpaka Dido alipombonyeza. Alama iko bado kwenye pua ya Dido.

Saa tisa tulirudi kambini na bolti saba. Nilifunga amortisseur ya tatu. Ya nne niliisimamisha pembeni, kwenye kitenge chake, na bolti moja miguuni, na nikaketi juu ya kigogo. Furaha alikuwa amevaa tayari. Alikuwa ameishika kofia yake tumboni kwa mikono miwili, ile kofia ambayo ingeokoa kila kitu.

"Papa Mushaga. Tutaanza ao hatutaanza?"

Nimewahi kuwaambia watu kwamba injini imekufa, kwamba gari halifai tena hata kwa vipuri. Hayo niliyasema nimesimama. Haya niliyasema nimeketi, nikiitazama ile bolti moja.

"Furaha, mutoto yangu. Boulon moja imenishinda."

Hakunikemea. Alikaa kando yangu kwenye kigogo, akatazama mahema ya wenzake.

"Bamaman ba maternité ya Katana, kule banazalia," alisema, "banasema kesho bataniombea. Baliniuliza saa ya kuanza, ili baombe kwa saa yenyewe."

Nilitamani anikemee.

Ndipo tukasikia kelele langoni. Maman Georgette alikuwa anaingia na mwavuli wake, nyuma yake Papa Vianney katekista, nyuma yake mshonaji, nyuma yao mtaa. Mbele alibeba bakuli la bati lenye maua mekundu. Alikuwa amepita nyumba zote na kusema kwamba mgeni wake amepoteza bolti, na watu wale, badala ya kuuliza ni ya namna gani, kila mmoja alikuwa ameingia ndani kwake na kutoa aliyoweza. Ya cherehani. Ya kigari cha mtoto. Ya baiskeli. Papa Vianney alinikabidhi ya kwake mkononi, ile ndefu.

"Ni ya kitanda," alisema. "Bado kimesimama. Kidogo."

Nilizitazama. Hakuna hata moja ambayo ingefaa. Nilitaka kusema hivyo, lakini ule umati ulikuwa unanitazama kwa matumaini makubwa, nikaanza kuzipekua moja moja.

Maman Georgette ndiye aliyeniokoa, kwa hasira. Macho yake yalikuwa yameangukia ile amortisseur ya nne.

"Hiyo kitenge!"

"Shemeki…"

"Hiyo kitenge nilimununulia Noëlla kwa ubatizo! Mumefunikia chuma na mafuta? Bukavu mulikosa gunia?"

Akakivuta kwa mikono yote miwili. Kitenge kikafunguka, mzunguko kwa mzunguko, amortisseur ikacheza, ikasimama. Na pale chini, kwenye tundu lake, ikiwa imekazwa kwa vidole, pamoja na nati yake, ilikuwepo bolti ya nane.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka gereji, siku ya kufungasha: sashe ya mistari mkononi, bolti moja ndani, na Maman Noëlla ananiita nichukue vitenge. Niligeuza kichwa kumjibu. Kichwa kikageuka. Mkono, ambao haukuwahi kuelezewa kitu chochote kuhusu uvumbuzi wangu, ukachukua bolti ya pili na kuirudisha kwenye tundu lake, kinyume kwanza, polepole, *tik*, kisha mbele. Saa ile ile. Kama Papa Alphonse alivyotaka.

Tulimtikisa paka bure.

"Iko hapo," Dido akasema kwa sauti ya imla. "Iko hapo. Nukta."

Zilibaki dakika ishirini na tano. Sikumbuki spana. Nakumbuka yule fundi wa Uganda akiingia chini ya gari upande wa pili bila kuulizwa, na Furaha akishika taa. Mwisho nikatoa chupa ya rangi ya kucha ya Maman Noëlla, nikapaka mstari mwekundu juu ya kila bolti na chuma kilicho kando yake. Fanyeni hivyo na nyinyi. Mstari ukivunjika, bolti imezunguka, utaona kwa jicho tu. Na chagueni nyekundu.

Mkaguzi alikuwa mwanaume mkimya mwenye shati jeupe na filimbi. Alizunguka Kiberiti mara mbili. Alitikisa magurudumu. Alilala chini kwa turubai, akakaa huko muda mrefu, na mtaa mzima wa Maman Georgette ukainama kutazama alichokuwa anatazama.

Akatoka. Akanusa vidole vyake.

"Hii ni rangi ya kucha?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hii harufu?"

"Sambaza," wakajibu watu wote kwa pamoja.

Akaandika kwenye karatasi yake, polepole, akaipiga muhuri, akampa Furaha. Furaha aliisoma na kuiweka ndani ya kofia. Kisha akanikumbatia hivyo hivyo, na kofia katikati yetu.

Jumamosi alianza saa tatu na dakika kumi na mbili. Naijua saa hiyo kwa sababu wamama wa Katana waliambiwa hiyo, na waliomba hiyo. Dido alifumba macho mapema sana. Injini ikapanda, bendera ikashuka, Kiberiti akaruka mbele, na kutoka kwenye tao la gurudumu la nyuma ikachomoka sambaza moja kavu, ikapaa juani, ikatua mbele ya kiatu cha mkaguzi. Aliitazama. Akaiokota, akaipangusa, akaila.

Mnataka kujua Furaha alimaliza wa ngapi. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa amesimama kubadilisha gurudumu. Mwaka uliofuata walimwita tena.

Nilijaribu kuwarudishia watu bolti zao. Walikataa, bakuli pia walikataa. Nilivuka mpaka nazo mapajani, zimefunikwa kwa kitenge cha ubatizo, na yule mama wa ukaguzi akafunua, akaona, akafunika bila kuuliza.

Basi piteni nyumbani. Mmoja wenu akija kunieleza namna mpya ya kupanga bolti, nitamsikiliza mpaka mwisho, kisha nitamsogezea bakuli achague moja, awe nayo mfukoni. Isipokuwa ile ndefu. Hiyo msiiguse. Papa Vianney ameniahidi kuja kunitembelea, na sijui bado analala kwenye nini.